Wimbo wa Talihya Haukuandikwa

Asubuhi ya Jumanne hiyo Victorine Kanyere alikuwa hajamaliza kufungua kibanda chake pale Mususa. Ubao mmoja wa dirisha alikuwa bado ameushika mikononi wakati motari mmoja aliposimamisha pikipiki mbele yake na kuuliza, bila hata salamu, kama ana muziki wa ile filamu ya mto.

"Ya Talihya?"

"Njo ile. Nitiliye yote kwa kadi, mama. Maestro amekufa. Radio imesema sasa hivi."

Victorine aliuegemeza ubao ukutani. Alichukua kadi ya simu ya yule kijana, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya zamani, akamtafutia alichotaka. Mikono yake ilifanya kazi kama siku zote. Ni pale motari alipokwisha kuondoka ndipo alipoketi juu ya gunia la mkaa la jirani, akabaki kutazama barabara.

Watu wa mtaa walimwita Mama Précieuse, kwa jina la binti yake wa pekee, aliyekuwa akisomea uuguzi. Kazi yake ilikuwa kuchaji simu kwa paneli mbili za jua zilizofungwa juu ya mabati, na kuwawekea watu nyimbo na filamu kwenye kadi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mjane wa miaka tisa, mwanamke wa maneno machache. Lakini hapakuwa na mtu Butembo nzima aliyekusanya muziki wa Maestro Mbusa Valentin kama yeye.

Kabla ya saa sita walikuwa wamefika watu zaidi ya ishirini. Mwuza mboga mmoja alitaka ngoma za filamu ya harusi, ile ya kuchekesha ambamo bwana harusi anapotelea shambani kwa mkwe. Mwalimu mmoja wa serikali, aliyeletwa kazini kutoka Bandundu, alitaka muziki wa wanajeshi wanaoaga wake zao. Msichana wa sekondari alitaka ule wimbo mfupi wa kunawa mikono, uliopigwa kila mahali wakati wa ule ugonjwa wa kuambukiza.

"Hata ule ni yake?" mwalimu aliuliza.

"Hata ule."

"Na ile ya mzimu, yenye likembe ya kupigwa kwa vidole?"

"Ya kwake pia, mwalimu."

Yule mwalimu alitikisa kichwa. "Mais, mimi nilizania ni batu ine tofauti."

Ndivyo alivyokuwa. Maestro Mbusa alifundisha Kifaransa na muziki kwenye shule ya sekondari kwa miaka thelathini na tatu, akaongoza kwaya ya parokia muda huo huo, na vijana wa Butembo walipoanza kutengeneza filamu zao kwa kamera za kuazima, walikwenda kwake. Hakuwahi kukataa. Filamu ya vita aliitilia kwaya ya akina mama peke yao. Ya mapenzi aliitilia enzenze, zeze la kienyeji, aliyoipiga mzee mmoja wa Lubero, asiyejua hata filamu ni nini. Jina lake mara nyingi halikuandikwa mwishoni, ama liliandikwa vibaya, naye hakulalamika. Alikuwa mfupi, mwenye sweta ya kijivu siku zote kwa sababu ya baridi ya kule juu, na aliongoza kwaya kwa kalamu ya biki.

Victorine alimfahamu akiwa na miaka kumi na saba. Aliingia kwaya kwa hamu kubwa, akashonewa kanzu, akajifunza maneno ya nyimbo zote. Jumamosi moja, katikati ya mazoezi, Maestro alisimamisha kila mtu, akatembea polepole kati ya safu za soprano akiwa ameinamisha kichwa, mpaka akafika mbele yake.

"We binti," alimwambia, "kutoka leo hautaimba tena. Lakini usiende. Ukae pale kwa benchi ya nyuma, uniambie nani anakosa. Sauti yako haiko, lakini masikio yako iko."

Wenzake walicheka. Victorine hakusikia lile la masikio, au alilisikia akaona ni dhihaka tu iliyofungwa kwa kitambaa. Alivua kanzu pale pale, akaiweka juu ya benchi na kutoka. Kwa miaka kumi na saba iliyofuata, alipomwona Maestro njiani alivuka upande wa pili.

Aliolewa, akazaa, akaishi Manguredjipa na mume wake aliyefanya kazi ya dhahabu, akarudi Mususa wakati mume alipoanza kuugua. Kibanda alikifungua ili amtunze. Filamu ya *Ng'ambo ya Talihya* ilimfikia kwenye diski aliyoletewa na mteja. Ni hadithi ya mama anayevuka mto kumtafuta mtoto wake aliyepelekwa shule ya mbali, na kila mama yule anapofika majini inasikika tarumbeta moja, peke yake, bila ngoma wala kinanda. Victorine aliipiga mara tatu siku ile ile, bila kujua imetungwa na nani. Siku ya nne alikuwa ameifungulia sauti kibandani, akasikia mtu nyuma yake akikohoa. Alipogeuka, alimkuta Maestro amesimama na mwavuli.

Victorine alikuwa tayari kumpa kisogo. Badala yake alisema, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limemkera tangu asubuhi: "Hapa mwenye kupiga amechelewa. Kidogo tu. Lakini amechelewa."

Maestro alicheka mpaka akavua miwani. "Alikuwa anangojea lori ipite juu ya daraja," alisema. "Hakuna mutu mwingine amesikia hiyo. Ni we ule wa benchi ya nyuma?"

"Sikukaa kwa ile benchi."

"Najua. Nilikosa namna ya kukuambia. Unisamehe."

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi baada ya shule, alipita kibandani na kazi yake mpya kwenye simu. Alikaa kwenye gunia, akamsikilizisha, na Victorine akamwambia palipo na kasoro. Hakujua majina ya noti, naye Maestro hakumfundisha. Alisema tu "hapa imepinda," au "huyu mama wa tatu amechoka," na mara nyingi ilikuwa kweli. Alhamisi hizo ziliendelea miaka kumi na miwili, hata wakati wa kumzika mume wake, hata wakati wa ugonjwa ule ambapo watu waliogopa kupeana mikono. Presha ndiyo iliyomwondoa Maestro, akiwa na miaka sitini na minane.

Baada ya maziko, kwaya iliamua kwamba kilio kitakapofungwa, siku ya arobaini, wataimba muziki wa filamu zake mchana kutwa kwenye ukumbi wa parokia, na wapenzi wa muziki wake kutoka mji wa Beni walialikwa pia. Omer, mwalimu aliyekuwa msaidizi wake, ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Alikuwa mtu mpole, mwenye daftari la solfa lililojaa mistari. Kila kitu kilipatikana kwenye makaratasi ya marehemu: harusi, wanajeshi, mzimu, kunawa mikono. Wimbo wa Talihya peke yake ndio haukuandikwa popote. Na kwenye filamu, nusu yake imefunikwa na kelele za maji na maneno ya wachezaji.

Précieuse, aliyeimba alto, ndiye aliyemleta mama yake kwenye mkutano. Ukumbini watu walikuwa wakibishana. Kila mmoja aliimba wimbo wa Talihya kwa namna yake, na kila mmoja alikuwa na hakika. Aliyewakilisha watu wa Beni kwa simu alisema wote wamekosa, kwani wimbo una sehemu ya mwisho ambayo hawaiimbi kabisa.

"Hiyo mwisho muliitunga benyewe," Victorine alisema kwa sauti iliyowashtua wote. "Ile muziki inaisha juu. Inabakia juu, basi. Mi naijua yote."

Omer alifungua daftari, akachomoa kalamu. "Sawa, Mama Précieuse. Utuimbie, mi naandika."

Victorine alisimama. Ndani ya kichwa chake tarumbeta ilikuwa wazi kama maji ya chemchemi. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa chochote katika vile alivyovisikia. Alijaribu tena. Mtu mmoja kwenye tenor aliguna, kicheko kikamtoka, kikasambaa safu nzima. Précieuse aliinamisha uso.

Victorine aliketi. Uso ulimwaka, lakini safari hii hakutoka. Alisubiri wanyamaze, kisha akamwuliza Omer: "Ule alipiga tarumbeta, iko fasi gani?"

Hakuna aliyejua vizuri. Omer alikumbuka tu kwamba alikuwa mwanajeshi wa fanfare, bendi ya jeshi, kule Beni, Mkasai, aitwaye Ananie.

Ijumaa iliyofuata Victorine alifunga kibanda, akavaa koti zito, akapanda pikipiki kuelekea Beni. Aliondoka jua limekwisha kupanda. Kwenye vizuizi aliteremka kama wengine, akatembea kwa miguu, akaonyesha kadi yake ya uchaguzi, akapanda tena. Kadiri walivyoteremka joto liliongezeka, na walipokaribia mji alikuwa amevua koti na kulikunja mapajani. Kandokando ya barabara kakao ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai, na harufu yake chachu ilimfuata mpaka mtaa wa Boikene.

Kumpata Ananie, mwenye cheo cha adjudant, hakukuwa kugumu, kwani kila mtu alimjua mwanajeshi anayepuliza chuma. Aliishi kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mdogo, ukuta kwa ukuta na mwanamke mfanyabiashara wa kakao aitwaye Solange. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, nywele zimeanza mvi. Alimsikiliza Victorine hadi mwisho, kisha akatazama chini.

"Mama, nitakuambia ukweli. Ile muziki nilisahau. Hakunipa karatasi. Tulisimama kwenye kingo za mto, yeye aliniimbia kipande, mi nilirudisha, tena kipande, nilirudisha. Siku moja tu. Sasa ni miaka kumi na tatu. Sisi hapa tunapigaka wimbo wa taifa na maziko. Maziko mingi. Na mi sikuenda ku kilio yake. Sikupata ruhusa."

"Basi tuitafute," Victorine alisema. "Wewe piga. Mi nitakuambia kama umekosa."

"Wewe ni mwanamuziki?"

"Hapana. Hata kuimba sijue."

Ananie alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama anachezewa. Kisha akaingia ndani, akarudi na tarumbeta iliyofungwa kwa sweta ya kijeshi. Alilowesha midomo, akapuliza noti tano.

"Hapana," Victorine alisema. "Ya tatu umeenda juu sana."

Akarudia.

"Bado. Shuka kidogo. Kidogo tena. Hapo! Acha hapo hapo."

Walifanya kazi hivyo, noti kwa noti, mpaka kivuli cha nyumba kilipofika miguuni kwao. Wakati mwingine Ananie alikasirika, akasema haiwezekani, kidole hakiendi hivyo. Victorine alingoja tu. Halafu kidole chenyewe kilikumbuka, na kipande kizima kikatoka mara moja bila kosa, na mwanajeshi akaitazama mikono yake kwa mshangao.

"Aliniambia hapa nisipumue," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nakumbuka. Aliniambia, 'Mama yule hapumui akiwa ndani ya maji, na wewe usipumue.'"

Walipofika kwenye noti ile ya juu, Victorine aliinua mkono. "Imeisha. Aksanti, Papa Adjudant."

Lakini Ananie alikuwa bado ameishikilia tarumbeta mdomoni. "Haijaisha, mama."

"Kwangu inaishaka hapo."

"Kwako walikata. Kuna ingine nyuma yake. Najua iko, lakini..." Alipuliza kipande kinachoteremka, akasita, akakipuliza tena kwa namna nyingine. "Ni ya kwanza ama ya pili? Wewe unasema nini?"

Victorine alimwashiria arudie zote mbili. Katika miaka yote hakuwahi kusikia hata moja kati ya hizo mbili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusikiliza muziki wa Maestro, hakujua.

"Hata moja," ilijibu sauti kutoka upande wa pili wa ua. Ni Solange, aliyekuwa akigeuza kakao kwa mguu juu ya turubai na kusikiliza tangu mwanzo. Alijipangusa vumbi na kuja karibu. "Samahani, dada, naingilia. Mi nilikuwa pale siku walionyesha filamu mara ya kwanza, hapa Beni, ku ukumbi. Nilirudi siku ya pili na ya tatu. Mama anafika ng'ambo, anakuta mutoto anakula bugali na benzake, hata hamuone. Mama anasimama tu, anamuangalia. Njo pale muziki inarudia chini."

"Ku filamu yangu mama hafikake," Victorine alisema polepole. "Inaisha iko ndani ya mtumbwi."

"Diski ya Butembo ilijaa. Walikata mwisho ili iingie. Kila mutu hapa anajua."

Miaka yote hiyo Victorine alikuwa amemwacha yule mama majini, tarumbeta imeinuka na kubaki juu, na alidhani hayo ndiyo Maestro aliyotaka kuyasema. Alikumbuka mkutano, jinsi alivyowakatalia watu wa Beni kwa ukali.

"Uiimbe," alimwomba Solange.

Solange aliimba bila maneno, kwa sauti ya kawaida ya mwanamke anayefanya kazi. Ulikuwa mteremko wa pole, wenye vituo viwili, na mwishoni noti moja iliyorudiwa mara tatu kama mtu anayevuta pumzi baada ya mwendo. Ananie aliupiga. Kosa lilikuwa moja tu, na Victorine alilisikia papo hapo. "Ya katikati, ufupishe," alisema, na Solange akatikisa kichwa kukubali. Ananie akaupiga wote tangu mwanzo, mama akaingia majini, akavuka, akafika.

Victorine alilia pale, mbele ya watu wasiomjua. Tangu Jumanne ile ya habari hakuwa amelia hata mara moja. Solange alimletea kigoda na maji ya kunywa, akakaa karibu naye.

Alipotulia, aliuliza jambo lililokuwa likimsumbua. "Alikuja kwangu kila Alhamisi, miaka kumi na mbili. Tuliisikiliza pamoja mara ngapi. Sababu gani hakuniambia kama ilikatwa?"

"Labda aliona unaipenda vile iko," Solange alisema.

"Ama labda," Ananie alisema, akiifuta tarumbeta, "alisahau hata yeye. Mutu mwenye kutunga vitu mingi vile."

Victorine hakujua achague jibu lipi, na hapakuwa tena na mtu wa kumwuliza. Alirekodi wimbo mara tatu kwenye simu yake, wakala bugali na sombe kwa Solange, na saa tisa akapanda pikipiki kurudi juu kwenye baridi.

Jambo la kwanza alilofanya Jumamosi ni kwenda ukumbini na kusema mbele ya kwaya yote kwamba watu wa Beni walikuwa na haki na yeye alikosa. Hakuna aliyecheka. Omer aliweka simu katikati ya meza, akaanza kuandika solfa, kipande kwa kipande. Kila alipomaliza mstari, soprano waliuimba, na macho ya Omer yakamtafuta Victorine. Akitikisa kichwa kukataa, walirudia. Ilichukua Jumamosi tatu.

Ananie aliomba ruhusa ya siku mbili kwa ajili ya siku ya arobaini. Alipewa, halafu ikaondolewa asubuhi ileile, kikosi kilipotakiwa kwingine. Alituma ujumbe kwa sauti: "Mama Kanyere, muimbe tu. Mi nitakuwa napuliza ndani ya roho." Basi wimbo wa Talihya uliimbwa na akina mama wa kwaya peke yao, bila ala yoyote. Walikuwa wameufanyia mazoezi hivyo tangu mwanzo, kwa kuogopa yatakayotokea.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wapenzi wa Beni walifika kwa lori mbili, Solange akiwa mbele amevaa kitenge cha kijani. Watu walicheka kwenye ngoma za harusi, na wake wa wanajeshi walisimama kwenye muziki wa kuaga. Wimbo wa kunawa mikono uliimbwa na ukumbi mzima, wengine wakisugua viganja hewani. Mjane wa Maestro, Mama Abigaïl, alikaa mbele, mikono imepumzika juu ya magoti. Talihya ilipoanza, ukumbi ulinyamaza. Kwenye noti ya juu, watu wa Butembo wengi walianza kupiga makofi, wakidhani imekwisha. Omer hakugeuka. Aliacha ile noti ikae, kisha akaishusha kwa mkono wake, polepole, na makofi yakafa moja moja.

Victorine alikuwa amesimama mlangoni kwa kukosa kiti. Aliwatazama wale waliokuwa wakiusikia mwisho ule kwa mara ya kwanza. Motari mmoja mbele yake alivua kofia ya pikipiki, akabaki ameikumbatia. Mwalimu wa Bandundu aliinamisha kichwa.

Baada ya shughuli Mama Abigaïl alimwendea. Hawakuwa wamezungumza kamwe zaidi ya salamu. "Ni wewe wa Alhamisi," alisema. "Alikuwa anarudi nyumbani na furaha siku ile. Mi nilikuwa namuuliza, 'Leo amekukosoa fasi ngapi?' Alikuwa anahesabia kwa vidole."

"Hakuwa na makosa mingi, mama."

"Ah, usimtetee," mjane alisema, na wote wawili wakacheka.

Solange na wenzake wa Beni walikula kwa Victorine kabla ya kuondoka. Nyumba ilikuwa ndogo, wakakaa hadi kwenye ngazi, Précieuse akiwapitishia sahani. Kabla ya kupanda lori Solange alimpa diski mpya iliyofungwa kwenye gazeti, filamu yenyewe nzima, nakala ya ile ya ukumbini. Victorine alishukuru kwa Kinande, akaiweka mfukoni mwa sweta. Hakuitazama siku ile. Aliitazama Jumatatu, mchana, kibanda kikiwa wazi na wateja wakipita. Alipofika mwisho, mama akiwa amesimama kando ya uwanja wa shule, aliipunguza sauti kidogo ili amsikie mwanamke aliyekuwa akiuliza dirishani kama simu yake imejaa chaji.